Hasara Kamili: Niliyojifunza kwa Kununua na Kutengeneza Magari ya Zamani Yaliyokataliwa na Bima

Kampuni ya bima inapoandika kwamba gari ni hasara kamili, haisemi kwamba gari hilo haliwezi kutembea tena. Inasema kwamba gharama ya kulitengeneza, kwa bei za gereji inayoaminiwa na kampuni na kwa spea mpya, imekaribia au imezidi kiasi ambacho gari lilikatiwa bima. Ni hukumu ya fedha, si hukumu ya chuma. Nimefanya kazi ya umakanika hapa Dodoma, upande wa Kizota, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na magari yaliyonifunza zaidi ni yale ambayo hesabu hiyo iliyakataa: Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, Peugeot 404 na 504, Mercedes-Benz za W123 na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40. Mengi yalitoka kwenye misheni, idara za mifugo na maji, na mikononi mwa wastaafu walioyanunua kwenye minada ya serikali, wakayatunza kuliko walivyojitunza wenyewe.

Nitoe mfano wa tarakimu ili tuelewane. Tuseme Land Rover 109 imekatiwa bima kubwa kwa shilingi milioni 8, ikagonga ng'ombe usiku kwenye barabara ya Kongwa na kuishia kwenye karavati. Gereji inaleta makadirio ya milioni 6.5, na mkadiria hasara anaona kwamba mabaki yanaweza kuuzwa kwa milioni 2. Kampuni ikimlipa mwenye gari milioni 8 na kuyauza mabaki, imetumia milioni 6. Ikilitengeneza gari, imetumia milioni 6.5 na bado inabeba wasiwasi wa kasoro zitakazoonekana baada ya bodi kufunguliwa. Inaandika hasara kamili, na kwa upande wake imepiga hesabu sahihi. Lakini lau gari hilo hilo lingekuwa limekatiwa bima kwa milioni 15, bei ambayo mwenyewe asingekubali kuliuza chini yake, ajali hiyo hiyo ingekuwa matengenezo ya kawaida na gari lingerudi nyumbani. Nimefikia kuamini kwamba kiasi kidogo kinachoandikwa kwenye hati ya bima kimeondoa barabarani magari mengi ya zamani kuliko ajali zenyewe.

Kiasi hicho huwa kidogo kwa sababu mbili zinazokutana. Ada ya bima kubwa ni asilimia ya thamani ya gari, na mwenye gari anayetafuta nafuu hutaja thamani ya chini. Kampuni nayo hutumia utaratibu wa kupunguza thamani kila mwaka, utaratibu unaofaa kabisa kwa gari la miaka mitano lililotoka Japani, lakini ukiupeleka kwenye gari la mwaka 1974 unalifikisha karibu na sifuri, ilhali sokoni gari hilo lilikwisha kuacha kushuka bei miaka mingi iliyopita na huenda sasa linapanda. Hakuna anayedanganya hapo. Ni kipimo kimoja kilichotumiwa mahali pasipokifaa, na mwenye gari hakijui mpaka siku ya ajali.

Tazama pia yaliyomo ndani ya zile milioni 6.5. Gereji imeandika madigadi mbili za mbele, boneti, paneli ya rejeta, rejeta yenyewe na taa, vyote vipya na vyote vya kuagizwa, pamoja na siku nyingi za kunyoosha bodi. Land Rover ya wakati ule haikuundwa ili itengenezwe hivyo. Ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao nchini Uingereza baada ya vita, na waundaji wakaamua paneli za nje ziwe za aloi ya alumini, zilizonyooka au kupinda kidogo tu, zikifungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Series II ya 1958, IIA ya 1961 na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 zilibaki na mpango huo huo. Madigadi hufunguliwa kwa spana. Madigadi ya gari lililolazwa Morogoro huingia kwenye gari lililoumia Mpwapwa, na paneli iliyobonyea hunyooshwa na fundi anayeijua alumini. Nikilipigia hesabu gari la mfano wetu kwa njia hiyo, gharama huteremka hadi karibu theluthi ya makadirio ya kwanza, na ubora haupungui. Pengo hilo kati ya hesabu ya karatasi na hesabu ya gereji ndilo linaloniwezesha kununua mabaki, kuyatengeneza na kulipa mafundi wangu.

Hata hivyo pengo hilo halipo kwa kila gari, na kinachoamua ni chesisi. Ninapoitwa kutazama mabaki, sianzi na injini wala bodi, hata kama mwenyewe anasisitiza niisikilize injini kwanza. Ninaomba sakafu ya saruji iliyo sawa na jeki, na gari ninaliweka juu ya stendi nne. Kisha ninashusha timazi, ile ile ya waashi, kutoka kwenye bolti za mikono ya springi, upande kwa upande, mbele na nyuma, na kila ncha inapogusa sakafu ninaweka alama ya chaki. Nikiliondoa gari hubaki mchoro wa chesisi sakafuni. Ninapima kwa utepe kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo hivyo viwili vikilingana, au vikitofautiana kwa milimita chache, chesisi iko katika pembe zake. Vikipishana sana, upande mmoja umesukumwa nyuma, na gari la namna hiyo litakula matairi na kuvuta upande mmoja hata likipakwa rangi nzuri namna gani. Baada ya hapo ninarudi kwenye gari na kupima umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kila upande. Majina ya Land Rover hizi yanatokana na umbali huo kwa inchi: 109 ni milimita 2,769, na 88 ni milimita 2,235.

Kipimo hiki cha pili kina mtego wake. Niliitwa wakati fulani kutazama 109 iliyotoka barabara ya Kondoa, ambayo wanunuzi wengine walikwisha kuikataa kwa sababu gurudumu la mbele kushoto lilionekana wazi kwamba limerudi nyuma. Wote walisema chesisi imepinda. Timazi zilionesha kwamba chesisi iko sawa. Kilichotokea ni kwamba bolti ndogo ya katikati inayozishikanisha bapa za springi ilikatika kwa kishindo, na ekseli ikateleza juu ya springi upande ule. Bolti ya namna hiyo hugharimu fedha kidogo sana. Tangu wakati huo sikubali neno la mtu yeyote kwamba chesisi imepinda mpaka ekseli na springi zimetazamwa kwanza, na vijana ninaowafundisha hawaruhusiwi kutamka neno hilo mbele ya mteja kabla ya chaki kuonekana sakafuni.

Kutu ni habari nyingine, na hapa sisi wa katikati ya nchi tumependelewa. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine hewa ni kavu. Chesisi iliyoishi hapa, Manyoni au Mpwapwa huwa na vumbi jingi ndani lakini chuma kizima. Chesisi iliyoishi Tanga au Bagamoyo, kwenye hewa ya chumvi, inaweza kung'aa kwa rangi nje huku ndani ikiwa imeliwa, kwa maana ni boriti yenye uwazi na kutu huanzia ndani. Ninaigonga kwa nyundo ndogo kila sehemu, hasa boriti ya nyuma na ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hujibu kwa sauti iliyokufa na nyundo huingia. Ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria nao hukaguliwa chini, sehemu ya kuweka miguu, na kwenye nguzo za milango. Mahali alumini inapogusana na chuma, ukiona unga mweupe, ujue metali hizo mbili zimekuwa zikilana. Huku kwetu jambo hilo huenda polepole. Kwa hiyo gari lililokataliwa na bima Dodoma na gari lililokataliwa pwani, hata likiwa na pigo dogo zaidi, hayana bei moja kwangu, na dalali anayeniletea gari la pwani anajua kwamba nitachukua muda mrefu chini yake.

Wanunuzi wengi hutembea na sumaku iliyofungwa kitambaa ili kugundua puti, ule ujazo wa kuficha mabonyeo chini ya rangi. Kwa Peugeot au Mercedes ni njia nzuri, kwani sumaku hushika chuma na hulegea penye puti nene. Kwa Land Rover haisaidii, maana sumaku haishiki alumini kabisa, iwe imenyooshwa vizuri au imejazwa puti. Hapo tumia vidole kugonga na macho kutazama mwangaza ukipita juu ya paneli asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Katika kunyoosha alumini nilifunzwa na fundi bodi mmoja mzee, ambaye sasa amepumzika, njia ambayo ninaipenda kuliko mashine yoyote. Alumini ikigongwa huwa ngumu, na ukiendelea kuigonga hupasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, lakini haibadiliki rangi kama chuma kabla ya kuyeyuka. Huyeyuka karibu na nyuzi 660 na macho hayapati onyo. Basi unachukua sabuni ya mche, unachora mistari juu ya sehemu iliyobonyea, kisha unapitisha moto wa gesi upande wa pili taratibu. Mistari ya sabuni ikigeuka kahawia iliyokoza kuelekea nyeusi, unaondoa moto mara moja. Paneli ikipoa inakuwa laini tena, unaiweka juu ya mfuko wa mchanga na kuifuata kwa nyundo ya mbao kutoka ukingoni kwenda katikati. Kazi ikiwa ngumu tena, unarudia sabuni. Fundi asiyejua hilo huigonga paneli mpaka inapasuka, kisha huiziba kwa puti ya unene wa kidole, na gari likipita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ya bati puti yote huanguka. Kuchomelea alumini kunahitaji gesi ya agoni na mkono uliozoea. Asiyekuwa navyo ni bora afunge kiraka kwa ribiti, kama kiwanda chenyewe kilivyofanya sehemu nyingi, kuliko kuitoboa kwa moto.

Gari lililoungua nimejifunza kuliacha, isipokuwa moto uliishia kwenye injini. Paneli zilizopata joto kali hubaki laini na hazirudi kuwa na nguvu, springi hupoteza ugumu wake, na nyaya zote ni za kubadilishwa. Gari lililozama majini ni tofauti na watu wengi hulidhania vibaya. Gari jipya lenye kompyuta na mifuko ya hewa likizama mara nyingi ni haki kuandikwa hasara kamili, lakini Land Cruiser ya 1978 haina kompyuta ya kuharibika. Maji huingia kwenye difu, giaboksi na transfa kupitia vipumulio, na mafuta hugeuka meupe. Ukimwaga mafuta yote mapema, ukaosha, ukajaza mapya na kumwaga tena baada ya mwendo mfupi, ukafungua breki zote na kukausha dainamo au oltaneta, gari hilo hufufuka. La muhimu ni kwamba hakuna aliyejaribu kuliwasha likiwa na maji kwenye silinda, kwa sababu maji hayabanwi na pistoni itakayokutana nayo itapinda kono lake. Swali langu la kwanza kwa mwenye gari la mafuriko ni kama kuna kijana yeyote aliyegusa swichi.

Peugeot 504 inahitaji moyo mwingine. Ilitoka mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, ikashinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, na Kenya iliendelea kuiunganisha hadi 2004, ndiyo maana spea zake bado hutufikia kwa kupitia Namanga. Injini yake ya petroli ina silivu za silinda zinazotolewa, hivyo unabadilisha silivu na pistoni kwa seti bila kupeleka bloku kuchongwa. Huo ni urahisi mkubwa. Lakini 504 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na pigo la mbele likifika kwenye minara inayoshika shokapu limefika kwenye uti wa mgongo wa gari. Kwa hiyo ninapima mishazari, yaani umbali wa kukatisha pembe kwa pembe, kati ya vichwa vya shokapu na bolti za chini, ninatazama nafasi za milango kama ni sawa juu na chini, na ninatafuta mikunjo midogo ya bati kwenye nguzo za kioo cha mbele. Nikiiona mikunjo hiyo pande zote mbili, ninaliacha gari kwa ajili ya vipande, hata kama ni familia nzima ya watu iliyolelewa ndani yake na wananisihi. Nimewahi kusihiwa hivyo na mama mmoja wa Makole aliyekuwa akisafirishwa nalo kwenda shule, na nikamwambia, "Dada yangu, nitakupa injini na viti vyake uviweke kwenye 504 nyingine nzima, ndani ya bodi hii sitawaweka watoto wako." Alikubali, na ndivyo tulivyofanya.

Karatasi zina uzito sawa na chuma. Mabaki yanaweza kuuzwa na kampuni kwa zabuni, au mwenye gari anaweza kuomba abaki nayo na kulipwa fidia iliyopunguzwa kwa thamani ya mabaki hayo. Kwa njia zote mbili sinunui bila barua ya kampuni inayoonesha kwamba imeachia haki yake, ripoti ya polisi ya ajali, kadi halisi ya gari na hati ya mauziano, kisha uhamisho wa umiliki unafanyika TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina langu kabla ya spana kuguswa. Namba ya chesisi lazima isomeke na ilingane na kadi. Kwenye Land Rover za Series namba hiyo imepigwa kwenye pembe ya mbele ya chesisi upande wa kulia, karibu na mkono wa springi, yaani mahali hasa panapoumia katika ajali ya uso. Fundi mwenye haraka hukata pembe iliyopinda na kuchomelea nyingine, na kwa kitendo hicho anakuwa ameliondolea gari utambulisho wake. Pembe yenye namba hunyooshwa taratibu ikiwezekana. Isipowezekana, tunawaita polisi wakaguzi waione na kuiandika kabla ya msumeno, na kipande cha zamani kinahifadhiwa. Jambo moja lililoturahisishia maisha ni bajeti ya mwaka 2017/2018 kufuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta, kwa kuwa gari la zamani linaweza kukaa gereji muda mrefu likisubiri spea na zamani lilikuwa likilimbikiza deni likiwa limesimama.

Wanaoagiza Range Rover za zamani kutoka Uingereza huniletea karatasi zenye herufi na kuniuliza maana yake. Kule, tangu Oktoba 2017, gari lililokataliwa na bima huwekwa katika kundi A, B, S au N. La A huangamizwa lote; la B bodi yake huangamizwa ila vipande vinaweza kutumika; la S limeumia kwenye muundo lakini linatengenezeka; la N limeumia pasipogusa muundo. Kabla ya hapo zilitumika C na D badala ya S na N, na herufi hizo zilifuata gharama zaidi kuliko aina ya jeraha, hivyo gari la C la mwaka 2010 huenda halikuguswa chesisi hata kidogo. Ya Japani huja na karatasi ya mnada, na herufi R mahali pa daraja ina maana kwamba lilipata ajali na likatengenezwa. Ninauthamini uwazi huo. Herufi haimwambii mnunuzi kama gari ni zuri, bali inamwambia alale chini atazame wapi.

Nirudi kwenye thamani, kwa kuwa ndipo watu huumia zaidi. Kabla ya kutaja bei kwa ajili ya mabaki ninaanza na bei ambayo gari zima la aina hiyo limeuzwa kweli katika eneo hili, si bei iliyotangazwa. Ninatoa spea, kazi ya mafundi wote pamoja na yangu, na kiasi cha akiba kwa yaliyofichika, ambacho kwa gari lililopinduka ni kikubwa. Ninatoa pia sehemu kwa ajili ya historia, kwa sababu nitamweleza mnunuzi kila kitu na atataka punguzo. Kinachobaki ndicho kikomo changu. Baadaye ninahesabu upande wa pili: giaboksi, transfa, ekseli, difu, vioo, mita na viti vingeuzwa kwa kiasi gani kimoja kimoja. Kama hesabu ya vipande inazidi kikomo changu, gari hilo lina manufaa zaidi likigawanywa liponye mengine, na ninawaambia wenyewe hivyo bila kuficha.

Lakini bei ya gari zima nayo si moja. Mkulima wa Kibaigwa anayetaka kubeba mahindi atalipa zaidi kwa 109 iliyowekwa injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu, kwa sababu inakula kidogo na spea zake ziko kila duka. Mpenzi wa magari ya kale kutoka Arusha atalipa zaidi kwa ile yenye injini yake ya asili ya petroli ya sentimita 2,286 za ujazo, kabureta yake, mita zake na hata jeki yake. Baada ya tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, wapenzi wa aina ya pili wameongezeka kutufuata huku, na wazee waliokuwa wakinipigia simu niwaondolee mkweche uani sasa wananiuliza bei. Nimefurahi, ingawa imenibana kibiashara. Ushauri wangu kwao ni kwamba wasitupe injini ya zamani wanapobadilisha. Iwekwe mafuta, ifunikwe, ihifadhiwe pamoja na namba yake. W123 haina tatizo hili kwa kiasi hicho, kwani zilitengenezwa karibu milioni 2.7 na injini zake za dizeli hubaki mahali pake.

Mzee mmoja wa Mpwapwa, bwana mifugo mstaafu, alinijia baada ya Series III yake kukataliwa na bima. Kampuni ilimpa hiari ya kuchukua fidia yote na kuliacha gari, au fidia pungufu na kubaki nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimeambiwa gari langu limekwisha. Ungekuwa wewe, mwanangu, ungechukua hela au gari?"

"Mzee wangu, niruhusu nishushe timazi kwanza. Sitaki kukujibu kwa mapenzi ya gari."

Mishazari ililingana. Kutu haikuwepo. Nilimwandikia makadirio mawili, moja la spea mpya na moja la spea zilizotumika, akaona mwenyewe kwamba fidia pungufu ingetosha kulitengeneza na kubakiwa na fedha kidogo. Alichukua gari. Madigadi ya kulia tuliipata Morogoro, ya kushoto tuliinyoosha kwa sabuni, na pembe ya chesisi yenye namba ilirudi mahali pake bila kukatwa.

Gari lilipokamilika nilimsihi asikate bima kwa kiasi kile cha zamani. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri ule, na zinayo haki ya kuuliza maswali. Tuliandaa jalada: ripoti ya mthamini, risiti zote, picha za chesisi kabla na baada, mchoro wa mishazari na vipimo vyake, barua ya kampuni ya kwanza iliyolitangaza kuwa hasara kamili na cheti cha ukaguzi wa polisi. Sikumruhusu aiondoe ile barua, ingawa mwanawe alipendekeza hivyo. Meneja aliyetupokea alilisoma jalada lote, akaja mwenyewe kulitazama gari, na majadiliano yakahusu jambo moja tu: kiasi kiandikwe kwenye mkataba kuwa ni thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili, badala ya maneno ya kawaida ya bei ya soko siku ya ajali, ambayo kwa gari kama hili kila mtu angeweza kuitaja anavyotaka. Tuliomba pia iandikwe kwamba spea zilizotumika na zenye hali nzuri zinakubalika katika matengenezo, kwa sababu kipengele hicho hushusha makadirio na kuliweka gari mbali na mstari wa hasara kamili.

Ada ilipanda, na mzee alikaa kimya kwa muda akiipima na pensheni yake. Kisha akauliza kama picha zitapaswa kupigwa upya kila mwaka. Meneja akajibu kwamba ndiyo, pamoja na ripoti mpya ya mthamini kila mwaka wa tatu. Mzee akatia sahihi, na miadi ya picha za mwaka unaofuata ikaandikwa kwenye kitabu changu cha gereji.